Mume Wangu Alipiga Kura Mtoto Wetu Ahamishwe

Mikono ilikuwa juu.

Wa wakili, juu! Wa mzee wa dirishani, juu! Na mingine ya watu ambao hata vitambaa vya usingizi hawakuvitoa machoni, ila mikono wameinyoosha.

Halafu kulikuwa na mkono mmoja kule mbele kabisa, siti ya kwanza...

Ulikuwa na pete. Pete ninayoifahamu vizuri, kwa sababu nilimvisha mimi mwenyewe mbele ya wazazi!

Jamani, mume wangu wa ndoa alinyoosha mkono ili mtoto wetu wa kumzaa aondolewe daraja la biashara ndani ya ndege.

"Nadhani abiria wameamua," wakili akamwambia mhudumu. "Mtoto ahamishiwe nyuma."

Nilisimama pale na mtoto analia kifuani, mate yake yameilowesha kola yangu yote, nikakitazama kisogo cha mume wangu. Hakikugeuka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu alikuwa siti ya mbele, miguu kainyoosha.

Ngojeni nianze mwanzo, maana nikiendelea hivi nitatukana.

Mume wangu mnamjua. Ndiyo, huyo huyo. Baba Bega!

Yule wa ukurasa wa "Bega la Baba". Yule mwenye picha za mtoto aliyelala begani, kofia ya njano yenye masikio, uso hauonekani. Mtoto mwenyewe ni binti yetu, tunamwita Bibie kwa jinsi anavyoangalia watu, utadhani yeye ndiye mwenye nyumba na sisi ni wapangaji. Kofia aliifuma mama mkwe wangu.

Na yale maneno matamu ya chini ya picha, yale mnayowatumia waume zenu mkiwaambia "soma hapa ujifunze"...

Nayaandika mimi.

Ndivyo tulivyogawana kazi. Yeye anatoa bega, mimi natoa maneno. Picha ikishapatikana, mtoto anarudi kwangu kabla chai haijapoa.

Basi kampuni moja ya nepi ikampenda. Ikamwalika nchi ya mbali, kwenye kongamano lao, akahutubie kuhusu malezi. Wakiridhika naye, atakuwa sura ya nepi zao, na sisi tutahama kutoka kwa mama mkwe tukapange nyumba yetu. Mimi nilikuwa nawaza jiko tu. Jiko langu mwenyewe, nikiweka sufuria hapa naikuta hapa!

Tiketi walilipa wao. Daraja la biashara, familia nzima.

Sasa mjue jambo moja. Hotuba za mume wangu naandika mimi, naziweka kwenye ukurasa, na yeye akipanda jukwaani anafungua simu na kusoma. Huwa hasomi kabla. Anasema akisoma kabla, hisia zinaisha.

Safari hii hotuba ilikuwa bado. Bibie alikuwa anaota meno. Halali, na mimi silali. Nilikuwa natembea ndani ya nyumba nimevaa kandambili za watu wawili tofauti.

Nikamwambia mume wangu:

"Baba Bibie, kwenye ndege nisaidie kidogo tu. Umshike mtoto, niandike hotuba, halafu nifumbe macho."

"Hilo tu? Hata usijali, mke wangu!"

Mama mkwe alisikia. Akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu yule nimemzaa mimi, namjua. Ukimpa mtoto, usisimame karibu. Ukisimama karibu atakurudishia."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Vituko vilianza uwanja wa ndege.

"Kofia ya njano iweke ndani ya begi," akaniambia. "Watu wakiiona watanitambua, watatusumbua."

Sawa, nikaiweka.

Akaenda kaunta, akaongea, akarudi na tiketi mbili.

"Nimekuombea siti ya nyuma kidogo, karibu na choo. Itakurahisishia kubadilisha nepi."

"Na wewe?"

"Mimi wamenipa ya mbele. Siku hizi inapanga kompyuta, mke wangu."

Kompyuta! Kwa hiyo kompyuta inajua mimi ndiye mwenye kubadilisha nepi?

Ndani ya ndege nikamwita mhudumu, dada mmoja mpole mwenye skafu shingoni. Nikamuulizia kile kitanda cha mtoto.

"Mama, kitanda cha mtoto kinafungwa kwenye ukuta wa siti ya kwanza tu," akasema. "Siti ile huwa tunaitenga kwa ajili ya mama mwenye mtoto. Sijui huko nje ilibadilishwaje. Abiria aliyekaa pale ameomba asisumbuliwe."

"Abiria gani?"

Akanionyesha kwa macho.

Alikuwa ameshavua viatu. Kajifunika blanketi mpaka kidevuni.

Nikajikaza. Nikasema moyoni, labda amechoka, atapumzika kidogo kisha atakuja. Mwanamke akitaka kujidanganya hakosi sababu!

Ndege ikapaa. Bibie akatulia kidogo, nikampeleka chooni kumbadilisha. Narudi na nepi chafu mkononi, mara nasikia sauti ya binti mmoja aliyekaa upande wa pili wa mume wangu.

"Jamani! Si Baba Bega wewe?"

Mume wangu akakaa wima. Blanketi likaanguka. Usingizi wote kwisha!

"Ni mimi, dada yangu."

"Siamini! Mimi ni shabiki wako, sijawahi kukosa chapisho lako hata moja! Na Bibie yuko wapi? Natamani nimwone!"

Nikasimama. Nikasema sasa ataonyesha kidole huku, ataniita.

"Bibie amebaki nyumbani na mama yake," mume wangu akajibu. Na sauti akaipunguza, ile sauti yake ya video. "Nimeona wapumzike. Mama mtoto anachoka sana, unajua."

"Ooooh! Wanaume kama wewe wamebaki wachache!"

Wakapiga picha. Mimi nimesimama na nepi yangu.

Mtaniuliza, dada, mbona hukumuumbua hapo hapo? Nilifikiria jiko. Nikifungua mdomo, kampuni ya nepi itasikia, na jiko litakwenda. Nikameza maneno, nikarudi kwenye siti yangu. Lakini niliumia. Sitawaficha.

Na Bibie hapo ndipo alipoanza.

Kilio cha jino mnakijua? Si kilio cha njaa kwamba utampa ziwa anyamaze. Si cha usingizi. Anashika sikio, anajikunja, anapiga yowe mpaka anapotelewa na pumzi! Nilimtembeza kwenye ile njia. Nilimwimbia. Nilimpa kijiko atafune, akakitupa kikamwangukia mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mama mmoja wa makamo, suti nyeusi, miwani kaitundika kwenye kola. Akakiokota kijiko, akanirudishia. Kwa adabu kabisa.

"Samahani, mama. Mimi ni wakili. Nikishuka hapa naingia mahakamani moja kwa moja. Kuna mtu yuko rumande ananitegemea mimi. Nimelipia kiti hiki kinacholala kama kitanda ili nilale."

Ningependa niwaambie alikuwa mchawi. Hakuwa. Macho yake yalikuwa mekundu kama yangu.

"Dada, nakuelewa," nikamwambia. "Hata mimi nataka kulala kuliko wewe."

"Basi kwa nini umemleta huku? Huku si mahali pa watoto wachanga. Nyuma kuna watoto wengi, wangelia pamoja."

"Na wanaolala kule nyuma si watu?"

Mzee wa dirishani akacheka. Wakili hakucheka.

"Sikusema si watu. Nimesema watu wa huku wamelipia utulivu."

"Na mimi nimelipiwa kama ninyi!"

Mhudumu akaja mbio na maziwa ya uvuguvugu. Bibie akayapiga teke. Mtu mmoja akafyonya. Mwingine akasema "mtoto gani huyu", na mimi hapo nikawa tayari kwa lolote.

Wakili akasimama.

"Tuulizane kistaarabu. Anayeona mama na mtoto wahamie nyuma, anyooshe mkono."

"Samahani, ndugu abiria," mhudumu akasema, "ndani ya ndege hatuna utaratibu wa kura..."

Mikono ilikuwa juu tayari. Na mmojawapo una pete.

Sasa mnaelewa nilipoanzia.

Mhudumu akaniinamia sikioni. "Mama, hakuna wa kukulazimisha. Lakini nyuma kuna siti moja wazi, ukipenda mwenyewe."

Nilikuwa natazama ule mkono. Hakuwa ameunyoosha kwa haraka, kwamba labda kakosea. Aliunyoosha, akaushikilia juu, akangoja uhesabiwe!

Ndugu zangu, kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayotulia. Mimi ilinitulia.

Nikarudi kwenye siti. Nikafungua begi la nepi. Nikaitoa ile kofia ya njano yenye masikio. Nikamvalisha mwanangu, nikamfunga kamba chini ya kidevu.

"Bibie anasikia baridi," nikasema kwa sauti.

Nikatembea naye mpaka mbele.

Yule shabiki akainua macho kwenye simu yake. Akaangalia kofia. Akaangalia simu. Akaangalia kofia tena.

"Mungu wangu... Baba Bega! Huyu si Bibie?"

Akamnyooshea kidole mwanangu.

"Ndiyo kofia yenyewe! Huyu ni Bibie! Na wewe dada ni... ni mama Bibie?"

"Ndiye," nikasema. "Yule aliyebaki nyumbani anapumzika."

Vitambaa vya machoni vikaanza kuvuliwa kimoja kimoja. Mume wangu akageuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Ah... Mama Bibie... unajua mimi..."

"Ulinyoosha mkono," nikamwambia.

"Mimi? Mimi nilikuwa naomba maji!"

Mzee wa dirishani akakohoa.

"Hapana, kijana. Anayeomba maji ni mimi. Nimenyoosha mkono kabla hata ya hiyo kura, na mpaka sasa sijaletewa."

Mhudumu akafunika mdomo kwa skafu. Akaenda kuleta maji huku mabega yanamcheza.

Wakili akaja mbele. Akavaa miwani.

"Huyu mtoto ni wako?"

Mume wangu akajitia hamnazo, anatafuta kiatu chini ya siti.

"Nimekuuliza swali."

"...Ni wangu."

"Na ulipiga kura afukuzwe."

"Mheshimiwa, mimi niliona nifuate wengi..."

"Mbebe."

Neno moja tu! Nadhani na mahakamani ndivyo anavyowafanya. Mume wangu akanyoosha mikono, nikampa Bibie, akamlaza begani. Lile bega mnalolijua.

Na Bibie akanyamaza.

Palepale! Watu wakashusha pumzi. Shabiki akashika kifua, "Ooooh, mnaona?"

Kisha Bibie akainua kichwa. Akageuka, akatafuta kwa macho, huku, kule, juu ya siti. Akaachia tabasamu moja zuri sana, meno mawili nje, na mbele yake hakuna mtu.

"Anamchekea nani?" shabiki akauliza.

Mimi nilijua.

"Anatafuta simu," nikasema. "Akiwekwa pale huwa anapigwa picha."

Kuna waliocheka. Mimi sikucheka. Wakili naye hakucheka, alivua miwani akaifuta.

Bibie alingoja. Simu haikutokea. Kwa hesabu yake, kazi ya bega lile ilikuwa imekwisha. Akanyoosha mikono kwangu, akaanza kulia upya.

"Mchukue, Mama Bibie," mume wangu akasema haraka. "Unaona mwenyewe hanitaki."

Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Mama yeyote anaelewa. Lakini nikasikia sauti ya mama mkwe, kama tuko jikoni na mlango umefungwa: ukisimama karibu atakurudishia.

Nikalichukua begi la nepi, nikamtundikia bega la pili.

"Dada, ile siti ya nyuma bado ipo?"

"Ipo, mama," mhudumu akasema.

"Ngoja," wakili akasema, "sisi tulikubaliana mtoto ndiye..."

"Mtoto anabaki. Safari hii imelipwa na kampuni ya nepi, na nepi anavaa yeye. Nahama mimi."

"Mama Bibie! Mama Bibie, maziwa yake ni yapi? Mama Bibie!"

Nikapita kwenye pazia, nikalivuta nyuma yangu.

Siti ilikuwa katikati, kati ya baba mmoja mnene na mwanafunzi mwenye begi mapajani. Kiti hakilali. Magoti yanagusa mbele. Nikamsikia Bibie analia kule mbali, maziwa yakanijaa kifuani mpaka yakauma, nikang'ata mkono wa blauzi nisinyanyuke. Nililia. Kisha nikalala, jamani. Nililala mdomo wazi, kwenye bega la yule baba mnene nisiyemjua, na hakunisukuma.

Mhudumu aliniamsha ndege ikiwa imeshatua.

"Alilia sana," akaninong'oneza. "Baba akatembea naye mpaka shati likamlowa. Akauliza kila mtu afanyeje. Yule mzee wa maji ndiye aliyemwonyesha namna ya kumlaza kifudifudi juu ya mkono, amkande mgongo. Wakili hakulala hata kidogo, ila hakulalamika tena."

Nikaenda mbele kuchungulia.

Mume wangu alikuwa amelala. Maziwa yamemkaukia kwenye shati, nywele zimesimama, soksi moja hajui iko wapi. Bibie yuko begani kwake, kalala usingizi wa kweli, mkono mmoja kashika sikio la baba yake. Shabiki alikuwa na simu mkononi, ila hakuiinua.

Moyo wangu ukalainika. Nawaambia ukweli, ulilainika wote. Nilisema, basi, amejifunza, yaishe.

Akafungua macho. Akaniona. Nikangoja neno "samahani". Hata "pole" ningeipokea!

Akasema:

"Umepiga picha?"

Wenzangu...

"Piga haraka basi kabla hajaamka. Na hotuba umemaliza?"

Wakili alikuwa anafunga mkoba wake. Akatikisa kichwa, akaniambia tu "kila la heri, mama", akashuka kwenda kwenye kesi yake na macho yale yale mekundu. Nilimwombea ashinde.

"Nitaandikia hotelini," nikamjibu mume wangu.

"Uiweke kwenye ukurasa kama kawaida. Mimi nitasoma palepale."

Kama kawaida!

Basi sasa hivi niko chumbani hotelini. Bibie amelala katikati ya kitanda kikubwa. Ukumbi wa kongamano uko chini yetu, na makofi yanapanda mpaka huku, maana yake wameshamwita jina.

Na hotuba yake ndiyo hii mnayoisoma.

Iko hapa hapa, kwenye "Bega la Baba", mahali pale pale ninapoziweka zote. Nimeianzia kwenye mikono kwa makusudi. Najua mume wangu atakuwa amenyamaza akifika kwenye pete, ndiyo maana nimewawekea na ninyi, msome mpaka mwisho kwa niaba yake.

Jiko langu huenda limekwenda. Nimelililia kidogo kabla ya kubonyeza kitufe.

Mtabishana huko kwenye komenti kama mtoto mchanga anafaa kukaa daraja la biashara. Bishaneni. Wakili alikuwa na haki ya usingizi wake, na Bibie alikuwa na haki ya kulilia jino lake, na mimi sijui nani alipaswa kuhama. Ninachojua ni kwamba pale palikuwa na baba mzima mwenye mabega mawili, na tulikuwa tunamtafuta mwenye kosa kwa mtoto. Kwa hiyo dada zangu, mkiona picha ya baba na mwana mkataka kuwatumia waume zenu, ngojeni kwanza. Mwangalieni mtoto. Akiwekwa begani analala, au anatafuta simu?

Baba Bibie, kama bado uko jukwaani, shuka.

Binti yako ndiyo anaamka, na zamu ni yako. Sitasimama karibu.

Maji nimekuwekea mezani. Hata mkono usinyooshe.